Abiria wa Ndule Hashuki

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani pale shuleni, nimepitisha kidole kutoka juu mpaka chini, haipo. Kwa hiyo asije mtu kesho mlangoni kwangu na kitambulisho chake akaniuliza, "Bibi, ulikuwa unamsema nani?" Sikumsema mtu. Ila nitaisimulia kama niliyeishi huko, maana hadithi ukiisimulia kwa mbali hainogi.

Nchi hiyo ilikuwa na Shirika la Ndege la Taifa, na Shirika lilikuwa na ndege moja. Zamani zilikuwa mbili, lakini ya pili iliteuliwa kuwa vipuri vya ya kwanza. Ndege ilikuwa na viti arobaini na ilikwenda mahali pamoja tu, Ndule. Ndule ni wilaya iliyo ng'ambo ya Mto Kiwewe. Watu walikuwa wakienda kwa basi, wakipita darajani. Daraja lilipochukuliwa na mafuriko, Serikali haikulijenga. Ilitoa tamko kwamba wananchi wamepiga hatua, sasa watapita juu.

Mwanzoni kupanda ndege lilikuwa jambo zito. Msafiri alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. "Nisameheni mnayoyajua na msiyoyajua. Kwenda ni kwangu, kurudi ni kwa Mungu." Watu walilia, wakampa masurufu, wakamwagiza asali ya Ndule.

Ndipo zikaja maili.

Aliyezileta, wanasema, ni Waziri wa Anga, Mheshimiwa Dakta Kibwana Mapepe, ambaye aliziona katika nchi za watu akadhani ni dawa. Tangazo lilibandikwa mpaka kwenye mlango wa zahanati. Kila apandaye ndege atapata maili, maili zitaandikwa kwenye kadi, na kadi zina daraja. Unaanza Udongo, unapanda Bati, unapanda Fedha, na juu kabisa iko Dhahabu. Ukifikisha maili elfu kumi, wewe ni Dhahabu. Unakalishwa kwenye chumba chenye kochi pale uwanjani, unapewa juisi, na unazawadiwa tiketi moja ya bure. Tiketi ya kwenda Ndule, maana kwingine hakuna.

Na ili mnyonge naye aonje anga, wakaleta Nauli Nafuu. Ilikuwa rahisi kuliko kuku. Masharti yake yalikuwa nyuma ya tiketi, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. La kwanza, mwenye Nauli Nafuu ataenda na kurudi bila kushuka. Kushuka kuna nauli yake, inaitwa Nauli ya Kushuka, na hiyo ni bei ya ng'ombe. La pili, ukikosa kusafiri siku moja, maili zako zote zinaoza.

Tukaona, kushuka kwani kuna nini? Ndule tunaijua. Tunachotaka ni maili. Basi tukapanda.

Mwalimu Pazi, mstaafu, alipanda asubuhi na jioni kama anayemeza dawa. Bi Riziki aliyekuwa akichoma maandazi aliacha maandazi. Mwenyewe nilipanda kila asubuhi. Kila anayerudi safari lazima aje na zawadi, ndiyo ada yetu, na kwa kuwa hatushuki tulileta zile pakiti za karanga za ndani ya ndege, mpaka mbuzi wa mtaani wakawa wanazinusa na kuziacha. Mtu akibisha hodi kuomba radhi, anajibiwa kutoka ndani bila mlango kufunguliwa, "Tumekusamehe, na ya kesho pia."

Dhahabu hakuna aliyeifikia. Mwalimu Pazi alifika elfu tisa na mia nane, akafiwa na mama yake. Akaenda kuzika. Kesho yake alirudi Udongo. Tulimpa pole, na ukituuliza pole ile ilikuwa ya mama au ya maili, nadhani kila mtu alijijua mwenyewe.

Miguu ilituingia ganzi kwa kukaa. Baadaye ganzi ikapanda.

*

Jirani yangu Siwema, mshonaji, ndiye mtu pekee mtaani asiye na kadi. Si kwa akili nyingi. Alikuwa anaogopa kupaa. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka arobaini, nikikohoa yeye ananywa maji.

Siku moja akapigiwa simu na dada yake, Mwanahawa, aliyeolewa Ndule tangu ujana wao. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari wa huko ameshauri watu wasihesabu mwezi. Mwanahawa akasema kwenye simu, "Siwema, njoo uniangalie nikiwa bado na mimi nakuangalia."

Siwema aliuza cherehani siku hiyohiyo, akaja kwangu na khanga mabegani.

"Shoga, nifundishe kupanda ndege."

"Kupanda si kazi," nikamwambia. "Kazi ni kiti."

Tukaenda ofisi ya tiketi. Karani, Bwana Mfaume, alikuwa na tai nzuri na adabu nzuri.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba. Nataka kwenda Ndule," akasema Siwema.

"Kwenda na kurudi, bila shaka."

"Kwenda. Na kushuka."

Bwana Mfaume akaweka kalamu chini. "Kushuka?"

"Kushuka."

"Kushuka ukafanye nini, mama?"

"Nina mgonjwa."

Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Wakashauriana, wakafungua kabati, wakatoa kitabu cha Nauli ya Kushuka. Kilikuwa kipya kabisa, kurasa zimegandana.

"Nauli ya Kushuka ipo, mama," akasema Bwana Mfaume kwa furaha. "Tena ipo ya kutosha, mwaka huu hajainunua mtu. Viti ndivyo havipo. Vyote vimechukuliwa na Nauli Nafuu mpaka baada ya mfungo."

"Basi nipe hiyo nafuu, inapotokea nafasi."

"Nafuu hushuki."

Siwema akanigeukia, kisha akamgeukia yeye. "Kwa hiyo wanaokwenda Ndule hawaendi Ndule, na mimi ninayekwenda Ndule siendi?"

"Mama, umeelewa haraka kuliko Bodi." Akavuta fomu. "Una maili ngapi, nione kama nitakusaidia? Wenye maili ndio wanaotangulia."

"Sina hata moja. Sijawahi kusafiri."

"Ndiyo maana siku zote tunawahimiza wananchi wasafiri," akasema Bwana Mfaume, akatupa kalenda ya Shirika, kila mmoja yake.

*

Kumbe hatukuwa peke yetu wenye maswali. Ndege inajaa kila siku, na Shirika linakopa mafuta ya taa. Mbunge mmoja akasimama bungeni akauliza, je, Shirika linawafaidi hawa wanaokimbiza maili kwa Nauli Nafuu, au wao ndio wanaolifaidi Shirika? Alipewa kadi ya Fedha akakaa chini, lakini swali lilikuwa limeshaandikwa. Ikaundwa Tume ya watu tisa, mwenyekiti wake Jaji mstaafu Ngwali, mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutosomea. Tume ikaamua uchunguzi wa kweli ufanyike angani. Wajumbe wakapewa viti tisa vya mbele, na maili mara mbili kwa sababu ya ugumu wa kazi.

Siku ya kukusanya maoni tulijazana uwanjani chini ya turubai. Mheshimiwa Mapepe akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Ziko nchi tajiri ambazo ndege zao zinaruka na viti vitupu. Nimekaa karibu na viti hivyo, nawaambieni, pana baridi. Ndege yetu inajaa! Inajaa kwenda, inajaa kurudi, tena kwa watu walewale! Utampata wapi mteja anayekupenda namna hiyo, asiyetaka hata kutoka mlangoni? Mnaniuliza faida. Faida ipo. Nimeiona kwa macho yangu, iko juu kule. Kilichobaki ni kuishusha, na kushusha, ndugu zangu, ni suala la kitaalamu."

Tukapiga makofi. Mwalimu Pazi alipiga huku amesinzia.

Siwema akasimama. Alikuwa na mkoba wake mkononi, tayari kwa safari, amekuwa akiutembeza hivyo wiki nzima.

"Mheshimiwa, mimi sina swali la faida. Dada yangu anakufa huko Ndule. Naomba kiti kimoja chenye kushuka."

Jaji Ngwali akabadilisha miwani, akamtazama kwa huruma.

"Mama, hilo ni suala la usafiri," akasema. "Tume hii inashughulikia ndege."

Watu wakapiga makofi tena. Sijui tulimpigia nani. Mikono ilikuwa imeshazoea.

*

Kiti kilipatikana kwa bahati ya homa. Wifi yangu alishikwa na malaria, maili zake zikaoza, akawa hana haja na tiketi ya kesho. Nikampa Siwema. Mtaniuliza kwa nini sikumpa yangu siku ile ya kwanza alipokuja na khanga mabegani. Nilikuwa Bati, naikaribia Fedha.

Tulikaa pamoja, mimi kiti cha kumi na sita dirishani, yeye cha kumi na saba. Njia nzima alinishika mkono, akisoma kila aya anayoijua. Ndege ilipotua Ndule, hakuna aliyeinua kichwa. Siwema akafungua mkanda, akasimama.

Mhudumu wa ndege, binti aitwaye Tunu, akaja mbio. "Mama, kaa, hatujafika."

"Si tumetua?"

"Tumetua, lakini hatujafika. Kwa Nauli Nafuu hatufiki, tunageuza."

Siwema hakumsikia. Alikuwa ameinama juu yangu, pua yake kwenye kioo. Nje palikuwa na uzio wa waya, na nyuma ya waya kulikuwa na mwanamke kwenye kiti cha uvivu, amevimba miguu, ameinua kijiti chenye khanga ya njano.

"Yule pale! Mwanahawa yule!"

"Yule?" akasema Tunu. "Yule huja kila siku, asubuhi na jioni. Wanambeba na kiti chake. Sisi tulidhani ni mwajiriwa wa uwanja. Rubani hutazama khanga yake ajue upepo unakotoka."

"Nifungulie mlango, mwanangu."

Hapo ndipo vichwa vikainuka. Mwalimu Pazi akasimama nusu, kama anayesahihisha daftari.

"Siwema, mdogo wangu, sikiliza. Sheria ya mzunguko! Abiria mmoja akishuka, mzunguko haukukamilika. Mzunguko usipokamilika, siku imekosekana kwa wote. Zitaoza za watu wote humu!"

"Kaa, dada, tumpungie hapahapa," akasema Bi Riziki. "Anakuona. Mimi nimeacha maandazi yangu kwa ajili ya maili hizi."

"Dada yangu yuko hatua mia, Riziki."

"Na mimi nimebakiza mia tisa niifikie Fedha. Tusipimane."

Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyempisha. Mtu wa nyuma aliuliza kama jambo hili litachelewesha karanga. Mimi nilikuwa nimemshika khanga kwa nyuma, na mpaka leo sijui nilikuwa namzuia asianguke au namzuia asiende.

Jaji Ngwali, aliyekuwa kiti cha mbele akichunguza, akageuka taratibu.

"Abiria haruhusiwi kushuka," akasema. "Hilo halina mjadala. Mzigo, je?"

Tunu akafikiri. "Mzigo unashuka, Mheshimiwa Jaji. Mzigo hauna kadi."

"Na leo tuna mizigo?"

"Hatuna. Hakuna anayebeba mzigo siku hizi."

"Basi nafasi ya mzigo ipo," akasema Jaji, akarudi kwenye usingizi wake. Katika kazi yote ya Tume, hiyo ndiyo hukumu pekee niliyoielewa.

Wakampeleka nyuma. Tunu akamfunga lebo mkononi, kwa kamba, akaandika: *Ndule. Ushikwe kwa uangalifu.* Uzito ulizidi ule unaoruhusiwa, ikabidi wajumbe wa Tume watoe kila mmoja sehemu ya haki yake ya mzigo, mzigo ambao hakuwa nao. Wapakizi wawili, waliokuwa wamelala chini ya bawa kwa kukosa kazi, wakamshusha kwa tundu la mizigo, miguu kwanza.

Nilimwona akitembea kwenye majani na mkoba wake. Akafika kwenye waya. Mwanahawa akadondosha kijiti. Waliingiza vidole kwenye matundu ya waya wakashikana, na midomo ikawa inakwenda, lakini sisi kule ndani tulisikia injini tu.

"Maili zimesalimika?" akauliza Mwalimu Pazi.

"Zimesalimika," akasema Tunu.

"Alhamdulillahi."

*

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mzigo ulishuka, lakini abiria hakushuka. Kwenye kitabu cha ndege Siwema bado alikuwa kiti cha kumi na saba. Hakuna sheria ya kumfuta mtu ambaye hakutoka. Ndege ikiruka asubuhi, Siwema anahesabiwa. Ikiruka jioni, anahesabiwa. Kiti kikabaki kitupu, na kila siku nilikaa kando yake, nikaweka mkoba wangu, Tunu akaja akaniambia niutoe, kiti kina mtu.

Na kila siku nikawaona. Kumbe waya ule ulikuwa na mlango upande wa Mwanahawa, na wakaguzi wa uwanja hawakuwa na neno na mzigo uliopokelewa na mwenyewe. Basi ndege ikitua wapo wawili kivulini mwa kibanda cha zimamoto. Siku moja Siwema anamsuka nywele. Siku nyingine anamkanda miguu. Siku nyingine wanacheka, yule mgonjwa amejifunika uso kwa khanga kwa kucheka. Mwezi wa daktari, ukihesabu tangu ile simu, ukapita, wapo.

Siku ya ishirini na nne tangu ashuke, tarumbeta zilipigwa uwanjani. Siwema amekuwa Dhahabu! Wa kwanza katika taifa! Mheshimiwa Mapepe alikuja na pikipiki nne mbele. Walikitoa kiti cha kumi na saba ndani ya ndege, wakakiweka jukwaani, wakakivisha shada la maua.

"Huyu ndiye abiria!" akasema, jasho la furaha linamtoka. "Siku ishirini na nne hajakosa safari hata moja. Hajalalamika. Hajaomba maji. Hajala karanga zetu, hajaenda msalani kwetu, hajatuuliza saa ngapi. Wananchi, igeni mfano!"

Akakipa kiti mkono.

Kisha Jaji Ngwali akasoma ripoti, kurasa mia sita, naye akasoma wa mwisho tu. Tume imebaini kwamba Shirika halifaidiki na wanaokimbiza maili kwa Nauli Nafuu, kwa sababu abiria hao wana miili, na miili ina uzito, na uzito unakunywa mafuta. Hata hivyo Tume imebaini kwamba watu haohao wakilipa wakabaki nyumbani, faida itakuwa kubwa. Inapendekezwa ianzishwe Nauli Nafuu Kabisa, ambayo mwenye kuinunua hatasumbuliwa kupanda.

Mwalimu Pazi akauliza kama nyumbani nako maili zitaoza mtu akitoka kwenda kuzika. Akaambiwa swali zuri, kanuni zinaandaliwa.

*

Ilikuwa Jumanne nadhani. Siku zimefanana sana. Tulitua Ndule, nikaegemea dirisha kama kawaida yangu.

Alikuwapo mmoja.

Siwema alisimama nyuma ya waya, amejitanda kaniki mpaka kichwani. Kiti cha uvivu hakikuwepo. Kwenye mlango wa kibanda cha zimamoto kulikuwa na wanawake watatu wameketi mkekani, na ndoo, na mabirika ya maji yamepangwa.

Habari ilipita kiti kwa kiti, mdomo haufunguki sana. Inna lillahi. Inna lillahi. Bi Riziki akasema ingefaa mmoja wetu ashuke akampe mkono, mtu wa mtaani kwake, si vizuri mtu kufiwa ugenini bila sura anayoijua. Tukakubali wote kwamba ingefaa. Kila mtu akamtazama mwenzake, kisha akatazama kadi yake. Rubani alipelekewa ombi, akakubali kwamba tukiruka ataiinamisha ndege bawa moja, iwe rambirambi yetu sote.

Tunu akaja akachuchumaa kando yangu. Alikuwa na ile kamba mkononi, na karatasi.

"Bi Mkubwa," akaninong'oneza, "tundu la mizigo liko wazi. Wewe ndiye mwenzake. Nikuandikie lebo?"

"Tuna dakika ngapi?"

"Kumi."

"Na mimi nitabaki kwenye kitabu, kama yeye?"

"Hapana. Wameshaziba hilo. Sasa hivi wanahesabu vichwa wakati wa kurudi. Zako zitaoza, zako peke yako."

Nilikuwa na elfu tisa na mia sita. Nilitazama nje. Siwema alikuwa anatazama ndege, dirisha moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Nilipojaribu kusimama, miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi niisugue. Nikaisugua. Dakika zikaenda. Hata damu iliporudi, niliendelea kusugua.

"Safari ijayo, mwanangu," nikamwambia Tunu.

Akainuka akaenda kufunga. Tukaruka, bawa likainama, upande usio wangu. Nilinyoosha mkono nikapunga mpaka majani ya Ndule yakaisha, tukawa juu ya maji ya Kiwewe. Sijui kama aliniona. Vioo vile, ukivitazama kwa nje, vinang'aa tu.